Neno "Kufa Ganzi" Halifai Mbele ya Mtoto

Nilipoanza mafunzo ya ubingwa wa meno ya watoto katika hospitali moja ya watoto hapa Marekani, nilidhani kwamba kitakachonisumbua ni mikono. Nilikuwa nimekwisha kuwa daktari wa meno, nimeng'oa na kuziba meno ya watu wazima kwa miaka kadhaa, na nilijua kuwa mdomo wa mtoto wa miaka mitatu ni mdogo, una mate mengi na hautulii. Kumbe kilichonisumbua ni maneno. Katika wiki ya kwanza nilimwambia mtoto wa miaka minne kuwa ningemchoma sindano ndogo tu ambayo haiumi, naye akaruka kutoka kitini kabla sijamaliza. Daktari bingwa aliyenisimamia hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba mtoto amesikia sindano na kuuma, na kwamba ukanushi wangu haukumfikia.

Idara nzima ina msamiati wake, na kila mwanafunzi anatakiwa kuujua kama anavyojua majina ya mishipa. Mashine ya kuchonga jino huitwa filimbi, bomba la kufyonza mate ni Bwana Kiu, mpira unaotandazwa kulitenga jino ni koti la mvua, na kibanio kinachoushika mpira huo ni kifungo cha koti. Maneno hayo huenda pamoja na utaratibu ambao daktari wa meno Addelston aliueleza mwaka 1959 na ambao haujazeeka: kwanza unamweleza mtoto, kisha unamwonyesha, ndipo unapotenda. Wenzangu waliokulia katika Kiingereza waliyatamka hayo kwa wepisi wa mtu anayembembeleza mdogo wake, ilhali mimi nilikuwa nikiyakariri ndani ya basi. Baada ya kila ziara tunaandika alama ya Frankl, kuanzia 1 kwa mtoto anayekataa kabisa hadi 4 kwa anayeshirikiana kwa furaha, na nakiri kuwa miezi ya mwanzo nilizisoma alama hizo kana kwamba ni zangu.

Upande wa hesabu ulinikubali mapema zaidi. Mafunzo haya huchukua miaka 2, na humo ndani nimezoea kumpima mtoto uzito kabla ya kufikiria ganzi. Kiwango cha juu cha lidokeini, dawa yetu ya ganzi, tunachokifuata ni miligramu 4.4 kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 15 hapaswi kuvuka miligramu 66. Na kwa kuwa kichupa kimoja cha mililita 1.7 cha dawa ya asilimia 2 kina miligramu 34, hata vichupa viwili kamili ni vingi mno kwake. Wagonjwa wetu wengi pia hawaji kwa sababu ya jino peke yake: kuna mwenye saratani ya damu ambaye lazima mdomo wake usafishwe maambukizi kabla ya tiba ya kemikali, na kuna mwenye ugonjwa wa moyo ambaye huenda akahitaji antibiotiki kabla hatujamgusa. Zamu za usiku ni za meno yaliyovunjika. Jino la ukubwani likichomoka zima tunakimbizana na dakika kulirudisha, lakini la utoto halirudishwi, kwa sababu kulisukuma ndani kunaweza kuliharibu lile linalokua chini yake, na kumweleza hivyo mzazi aliyelibeba ndani ya kikombe cha maziwa ni kazi ngumu kuliko kushona mdomo.

Katika mwaka wa pili alikuja mama kutoka Kongo, mkimbizi, na binti yake wa miaka mitano mwenye gego la chini lililooza hadi karibu na kiini, ile sehemu laini yenye mishipa ndani ya jino. Nilikuwa nimekwisha kufanya mtihani wa lugha ya Kiswahili, maana hapa daktari hajiteui kuzungumza na mgonjwa kwa lugha nyingine eti kwa sababu ni lugha yake, na jambo hilo, ingawa liliniudhi mwanzoni, naliona ni la haki. Nikamweka mkalimani wa simu pembeni, nikainama kwa kujiamini, nikamwambia binti kwamba jino lake litakufa ganzi.

"Mama, jino linakufa?" akauliza, macho yakiwa yamemtoka.

Nilinyamaza. Miaka yote nimelitumia neno hilo bila kusikia kifo kilichomo ndani yake. Mama yake naye alikuwa ameambiwa mahali pengine kwamba mtoto atapigwa nusu kaputi, na nikatambua kwamba katika lugha niliyoidhani ni makazi yangu sikuwa na hata neno moja la kumpa mtoto aliyelala kwenye kiti cha meno.

"Samahani, mwanangu, nimekosea," nikasema. "Jino halifi. Linalala tu, na sisi tutalivalisha koti la mvua ili lisilowe."

Nilimwonyesha mpira kwenye kidole chake, nikampulizia maji ya filimbi kwenye ukucha, nikamwachia Bwana Kiu ayanywe maji yaliyomo kikombeni. Tulimvutisha gesi ya kumtuliza kupitia puani, tukampa ganzi huku akihesabu vidole vya mama yake, nikaondoa sehemu ya kiini iliyougua na kulifunika gego kwa kofia ya chuma kisichoshika kutu. Alilia mara moja, wakati wa kifungo cha koti, nami nikaandika alama 3.

Walipofika mlangoni aligeuka na kushika shavu.

"Daktari, limeamka?"

"Bado. Na mpaka liamke, usiung'ate mdomo wako. Mama, tafadhali mwangalie kwa saa mbili au tatu, kwa sababu asipousikia atautafuna."