Mgonjwa wa Parkinson na saa ya kidonge

Wengi wanaomuuguza mzee mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo, huhangaishwa zaidi na mikono inayotetemeka, kwa sababu ndiyo inayoonekana. Lakini kinachomwangusha mzee mara nyingi ni kukakamaa, wepesi wa kupoteza mizani, na miguu inayogoma kuanza safari. Mengi ya hayo hupanda na kushuka kwa kufuata dawa. Ndiyo maana kwangu saa ya ukutani ni kifaa cha uuguzi sawa na fimbo ya kutembelea.

Levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, hugeuka kuwa dopamini ubongoni, kemikali inayouwezesha mwili kujongea, na haidumu mwilini. Ugonjwa ukishakomaa, ubongo hauwezi tena kuweka akiba, hivyo dozi ya saa mbili asubuhi ikichelewa hata nusu saa, mzee anaweza kushindwa kuinuka kitini. Weka kengele kwa kila dozi. Kwa kawaida hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa kwa maji dakika 30 kabla ya kula au saa moja baada ya kula, kwani protini ya nyama, mayai, maziwa na maharage hugombania nayo njia ya kupita, utumboni na hata kuingia ubongoni. Akichefukiwa, mpe kipande cha mkate mkavu pamoja na kidonge. Usimnyime protini, maana wazee hawa hukonda upesi. Chakula kizito kinaweza kusogezwa jioni, baada ya kushauriana na daktari. Vidonge vya madini ya chuma navyo huizuia, kwa hiyo vitenganishe kwa saa mbili au zaidi. Kidonge cha kutoa dawa polepole hakisagwi wala hakitafunwi.

Kufunga choo nako huvuruga ratiba hii, jambo ambalo watu hawalitarajii: tumbo likiwa zito, dawa hukawia kufika inakofyonzwa. Maji, matunda, mwendo wa kila siku, na dawa ya kulainisha choo kama daktari ameiandika.

Kwa siku tatu mfululizo, andika kila saa: amekunywa dawa saa ngapi, yuko mwepesi, mzito, au anajinyonganyonga bila kutaka. Hilo la mwisho mara nyingi ni dalili kwamba dawa imezidi kwa saa ile, ingawa wengine hupatwa na hali hiyo dawa inapopanda au inapoisha. Daktari atarekebisha dozi kwa karatasi hiyo vizuri kuliko kwa maelezo ya "siku nyingine hali ni mbaya". Wewe nawe utajua saa za wepesi, na hizo ndizo za kuoga, mazoezi na chakula. Kumwogesha katika saa nzito ni kujitafutia maumivu ya mgongo na ugomvi bure.

Miguu ikiganda, mara nyingi mlangoni au wakati wa kugeuka, usimvute mkono. Kiwiliwili kitakuja, miguu itabaki, naye ataanguka kifudifudi. Mwambie asimame, anyooke, ahamishe uzito kulia na kushoto, kisha mhesabie moja, mbili, tatu, apige hatua ndefu. Vipande vya utepe wa rangi vilivyobandikwa sakafuni kwa umbali wa hatua humsaidia kweli: anakanyaga kuvuka mstari, na mguu unatii. Kugeuka afanye kwa kuzunguka nusu duara, si kujisokota papo hapo. Na anapotembea, maswali yasubiri.

Kuinuka kitini: asogee ukingoni, visigino virudi nyuma ya magoti, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume kwa mikono. Wanaoshindwa wengi wameegemea nyuma.

Akilalamika kizunguzungu, mpime shinikizo la damu baada ya kulala dakika 5, kisha akiwa amesimama dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, mjulishe daktari.

Mezani akae wima, ale polepole, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Kikohozi katikati ya mlo, au sauti yenye majimaji, ni ishara kwamba anapaliwa. Anahitaji mtaalamu wa kumeza.

Akilazwa, mpeni muuguzi wa wodi orodha ya dawa na saa zake. Juu yake andikeni kwa herufi kubwa: metoclopramide, prochlorperazine na haloperidol (dawa za kichefuchefu na za kutuliza akili) hapana, kwa kuwa huzuia dopamini. Levodopa isikatishwe ghafla kamwe. Mwili unaweza kukakamaa na kupata homa kali inayoweza kuua.

Mzee aliyekuwa timamu jana akianza leo kuona watu wasiokuwepo, msikimbilie kusema Parkinson imepanda. Apimwe mkojo, angaliwe kama ana upungufu wa maji, na ikaguliwe dawa yoyote mpya. Asipewe cha kumtuliza kabla daktari hajajua kwamba anakunywa levodopa.