Sapu mbili na adivaiza aliyenifuata fildi Mwanza

Yaani kwa miaka miwili adivaiza wangu, mwalimu mshauri wangu pale chuo, nilikuwa namjua kwa saini tu. Semista ikianza mnapanga foleni mlangoni kwake na fomu ya usajili, anauliza "masomo yote umeweka?", unajibu ndiyo Dokta, anasaini, anaingia mwingine. Simlaumu sana, tulikuwa wengi, na mi mwenyewe sikuwahi kwenda na swali hata moja.

Sasa mwaka 2025 matokeo ya mwaka wa pili (nasoma sivili, uhandisi wa ujenzi) yanatoka niko nyumbani Mwanza, nafanya fildi, mafunzo kwa vitendo, kwenye saiti ya mtaro huku Igogo, jioni nashuka Mwaloni kumsaidia mama kufunga viroba vya dagaa. Nafungua simu nakuta sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, Hisabati na Strengthi (somo la uimara wa vifaa vya ujenzi). Siku tatu sikuongea na mtu, mama akawa anauliza kama nimeshikwa malaria. Kichwani nilishahama, naenda zangu IT.

Wiki hiyo hiyo nani kaja kukagua wanafunzi wa fildi? Adivaiza mwenyewe! Akapitia logibuku, akamuuliza fomeni maswali mawili, akasaini, halafu akasema kabla hajarudi anataka kuliona daraja la Kigongo–Busisi, lilikuwa limefunguliwa Juni, nimsindikize. Tukapanda haisi.

Njiani nikajilipua nikamwambia. Hata pole hakunipa. "Sitaki gredi, nipe kosiweki na UE, kila moja peke yake." Kosiweki ni alama za tesiti za katikati ya semista, UE ni mtihani wa mwisho. Hisabati kosiweki 11 kati ya 40, UE 27 kati ya 60, jumla 38, na kwetu kufaulu ni 40. Akagonga skrini kwa kidole, "Kijana, UE umejitahidi, wewe umefeli Aprili." Nikanyamaza maana ni kweli, nilichelewa kurudi chuo wiki tatu nasubiri hela, tesiti ya kwanza ikanipita, ya pili niliifanya kwa noti za kupiga picha usiku wa kuamkia mtihani. IT nayo akaimaliza hapo hapo, "kwani huko hawasomi Hisabati?" Konda akacheka, sijui yeye ilimhusu nini.

Kule darajani, kilomita tatu za zege juu ya maji ambapo zamani tulikuwa tunasubiri pantoni mpaka muwa unaisha, akaniuliza zile kebo zinafanya nini. Nikasema zinaning'iniza daraja. "Nusu. Angalia nguzo zilivyo fupi, kebo zimelala, kwa hiyo zinalibana pia daraja kwa ulalo." Akachuchumaa, akafungua logibuku yangu ukurasa wa nyuma akachora viboksi na mishale, Strengthi inaingia kwenye nadharia ya miundo, miundo inaingia kwenye kudizaini zege. Hisabati akaiweka pembeni, mshale mmoja tu. "Ukiibeba Hisabati mwakani unaumia lakini unatembea. Ukiibeba Strengthi mwaka wa tatu wote umefungwa."

Mi nilikuwa nimepanga kinyume kabisa, nianze na Hisabati kwa sababu ndo nilikuwa naiona nyepesi. Nikageuza, wiki tano asubuhi kabla ya saiti ni Strengthi, Hisabati Jumapili tu. Sapu kwetu kosiweki haihesabiwi na ukifaulu unapewa C hata ungepata 90, kwa hiyo sikutafuta maajabu. Strengthi nikatoka na C. Hisabati ikanikataa, nikawa na kariova, yaani somo la kulibeba na kulirudia mwaka unaofuata.

Kukaa darasani na wadogo zako wa mwaka wa pili siyo mchezo, kuna mmoja alikuwa ananiamkia. Ila safari hii niliripoti siku ya kwanza kwa nauli ya kukopa kwa mjomba, kosiweki ikafika 29. Kila tesiti ikirudi napiga picha namtumia Dokta, anajibu dole gumba basi. Mara moja tu, nilipopata 6 kati ya 15, akaandika: "Njoo ofisini, na hiyo karatasi."