Jinsi nilivyopata mazoezi ya sehemu yanayomfaa mwanangu

Kwa wiki kadhaa, programu ya akili mnemba ninayoitumia kumfundishia mwanangu nyumbani ilimtungia mazoezi ya hesabu za sehemu (namba kama 1/3 na 1/4) ambayo ama aliyamaliza bila kufikiri, ama yalimkatisha tamaa. Nilitaja umri wake, kisha darasa lake, kisha nikaomba maswali mepesi. Namba zikawa ndogo, lakini ugumu wenyewe haukuguswa.

Kilichofaulu ni kuinakilia programu kazi yake kama alivyoiandika, hatua kwa hatua, bila kusahihisha chochote. Awali nilikuwa nikiandika tu kwamba "amekosa", neno ambalo, nikilitazama sasa, halielezi lolote. Ilipoona kwamba amejumlisha 1/3 na 1/4 akapata 2/7, ilitambua mara moja kuwa alijumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu) na asili kwa asili (namba za chini). Niliiagiza itaje kosa kwanza, kisha itunge swali moja tu, nami nililikagua kabla ya kumpa, kwa sababu programu hizi huweza kukosea hesabu kwa kujiamini kabisa. Swali lenyewe lilikuwa hili: je, 2/7 ni kubwa kuliko 1/3? Mtoto alichora, akaona kuwa jumla yake ni ndogo kuliko 1/3 aliyoanza nayo, akanyamaza, kisha akalifuta jibu lake mwenyewe.