Siku moja ya sakristani mwenye miaka 73

Adhana ya alfajiri ndiyo hunitoa kitandani. Majirani zangu hapa Maweni, Malindi, wakienda kuswali, nami nashika rozari yangu. Watu wakisikia natumika kanisani hudhani kazi yangu ni kukaa benchi la mbele na kusinzia. Nimeona niandike ya leo, Jumanne.

Saa kumi na moja na nusu nafungua sakristia, chumba cha kutunzia vyombo vya misa. Mishumaa, divai, maji, kitabu cha masomo. Misa saa kumi na mbili na robo, saa moja watu wametawanyika kwenda makazini.

Saa moja na nusu nafua. Vitambaa vya altare havichanganywi na nguo nyingine. Kile cha kufutia kalisi, kikombe cha divai ya misa, nakisuuza kwanza kwa maji matupu kwenye beseni lake, na kwa heshima ya divai ile takatifu maji yale hayaendi mtaroni. Nayamwaga kwenye udongo safi, chini ya mkilifi nyuma ya sakristia. Sabuni baadaye. Juzi kijana wa kwaya aliniambia kazi hii ningeiachia mashine. Nikamwonyesha doa la divai linavyolegea polepole chini ya kidole gumba. Alinyamaza, akaenda kunichotea maji.

Saa tatu nampitia Kaka. Si ndugu wa damu, ni mwenzetu wa jumuiya. Ana miaka 84 na maisha yake yote alikuwa mgema. Anaishi peke yake, na kichwa chake hupaka kanta. Leo mvi zimeanza kuchungulia masikioni na kila mara anavuta kofia. Wenyeji wa Kilifi wanajua kwa nini. Kaunti yetu imezika wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, mvi zikifanywa ushahidi, na ukichimba sana mara nyingi unakuta ugomvi wa shamba. Ndiyo maana napita naye njia kubwa, namshika mkono, nasalimia kila mlango. Nataka ajulikane ana watu.

Tulikuwa tunafuata pesa za wazee, zile shilingi 2,000 kwa mwezi za waliotimiza miaka 70. Tuktuk ilitushusha pale zinapolipwa saa tatu na nusu, foleni imeshazunguka kona. Kivuli hakuna. Nikatandika leso yangu kwenye ngazi, Kaka akakaa. Saa sita kasoro tukafika dirishani.

"Bibi, kidole chake kimekataa," binti wa dirishani akaniambia.

Jaribu kingine. Kimekataa. Nilimfuta kidole kimojakimoja kwa pindo la leso, vyote kumi, tukarudia. Nikaviangalia kwa karibu: ni laini kama kokoto za ufukweni. Miaka hamsini ya kukwea minazi imekula ile mistari yote. Mashine inataka alama, na alama zake zimebaki kwenye magogo ya minazi. Kitambulisho anacho, sura ni yake, mimi shahidi nipo. Binti akasema hana ruhusa, tumsubiri mkubwa wake. Tukasubiri. Mkubwa ameenda kula. Tukasubiri tena. Kuna mwanamume nyuma yetu alisema kwa sauti kwamba wazee wangekaa nyumbani watume vijana. Nikageuka nikamuuliza, "Mwanangu, kidole cha kijana kitasoma jina la huyu?" Nilikuwa na hasira na bado ninayo.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipoambiwa turudi Alhamisi. Kaka hakusema neno. Alikunja kitambulisho ndani ya kitambaa, mafundo mawili, akakitia kifuani.

Tangu mwaka 2021 Kanisa lina Siku ya Mababu, Bibi na Wazee, Jumapili ya nne ya Julai. Tunaitwa mbele, tunapigiwa makofi, nami hufurahi kweli. Natamani wale wanaopiga makofi waje na kwenye foleni. Mimi humfikiria sana Ana binti Fanueli, yule mjane wa kwenye Luka sura ya 2, miaka 84 kama Kaka, haondoki hekaluni usiku na mchana. Mtoto Yesu alipoletwa, yeye alikuwepo kwa sababu siku zote alikuwepo.

Mchana tumekula viazi karai kwa mama muuzaji, aliyekataa pesa yangu. Halafu nikatembelea wagonjwa wawili, mmoja Muyeye, mmoja Barani. Miguu ilikuwa inawaka.

Jioni nimepiga pasi. Kitambaa cha kuwekea kalisi hukunjwa tatu kwa tatu, kiwe na miraba tisa, ili chembe yoyote ya hostia ibaki ndani. Mkono ulitetemeka, nikarudia.

Yule binti wa dirishani alitufuata hadi mlangoni tulipotoka, akaninong'oneza kwamba ngozi ikilainika kwa mafuta wakati mwingine mashine husoma. Nimemwachia Kaka kichupa cha mafuta ya nazi. Nimemwambia ajipake leo na kesho kabla ya kulala, na Alhamisi saa moja na nusu awe amevaa, nitampitia.