Mwanafunzi wa alama za wastani na bei halisi ya chuo Marekani

Kila msimu wa kujaza fomu za FAFSA, yaani za kuomba msaada wa fedha wa serikali kuu kwa ajili ya chuo, unapowadia, ndugu na jamaa wa jamii yetu ya Waswahili hapa Marekani huanza kuniuliza swali moja: kijana ana B nyingi na C kadhaa, je, kuna chuo kitakachompokea? Nimezoea kuwajibu kwamba kupokelewa si tatizo. Uchunguzi wa serikali kuu uliopitia rekodi za wahitimu wa sekondari wa mwaka 2019 ulikuta wastani wa alama zao ni 3.11 katika kipimo cha 4, yaani B, na kwa hiyo kijana wa namna hii hayuko mkiani hata kidogo. Vyuo vingi vya miaka minne hupokea zaidi ya nusu ya waombaji wake, na tangu mwaka 2020 vingi havimlazimishi mwombaji kuleta matokeo ya mitihani ya udahili ya SAT wala ACT. Vile vinavyokataa waombaji tisa katika kila kumi ni vichache mno, ila ndivyo vinavyoandikwa magazetini na ndivyo wazazi wetu hupenda kuvitaja harusini.

Kinachomkwamisha mwanafunzi wa alama za wastani huja baada ya barua ya kukubaliwa, nacho ni fedha, kisha kumaliza masomo. Ndiyo maana nashauri familia ianze kutafuta chuo kwa kuuliza bei, na jina la chuo lije baadaye.

Bei yenyewe inahitaji kuelezwa kwa kirefu, maana ile inayotangazwa huwapotosha watu kwa pande zote mbili. Kwa mwaka wa masomo wa 2024 hadi 2025, ada ya wastani katika vyuo vya jamii (community colleges) vya miaka miwili ilikuwa kama dola 4,050. Katika vyuo vikuu vya umma, kwa mkazi wa jimbo husika, dola 11,610. Kwa anayetoka jimbo jingine, dola 30,780. Na katika vyuo binafsi visivyo vya kibiashara, yaani visivyoendeshwa kwa ajili ya faida, dola 43,350. Hapo chakula na malazi havijahesabiwa. Mzazi anayesoma tarakimu hizo hufuta vyuo binafsi papo hapo, ilhali vyuo hivyo, kwa wastani, huwapunguzia wanafunzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya nusu ya ada iliyotangazwa. Huyo huyo huvutiwa na chuo kikuu cha umma cha jimbo la jirani kwa sababu kinasikika kuwa ni cha serikali, bila kujua kwamba kwa mgeni wa jimbo bei yake inaweza kukaribia ya chuo binafsi na punguzo lake likawa dogo. Kwa wakazi wa majimbo ya magharibi kuna mpango uitwao Western Undergraduate Exchange, ambao vyuo vinavyoshiriki humtoza mwanafunzi wa jimbo jingine la ukanda huo ada isiyozidi mara moja na nusu ya ada ya mkazi, na nashangaa jinsi unavyojulikana na watu wachache.

Sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2008 ilivitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu za msaada wa wanafunzi viweke kwenye tovuti zao kikokotoo cha bei halisi, na tangu mwaka 2011 vikokotoo hivyo vipo. Mzazi huingiza kipato cha familia na idadi ya watu nyumbani, kisha huoneshwa makadirio ya kiasi kitakachobaki baada ya ruzuku. Ubora wake unatofautiana. Kinachouliza alama za mwanafunzi hutoa jibu la kuaminika zaidi, kwa kuwa kinaweza kuhesabu pia punguzo linalotolewa kwa sababu ya alama. Zaidi ya hapo kuna College Scorecard, tovuti ya Wizara ya Elimu ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2015 kwa sura inayotumika sasa, ambayo huonesha wastani wa bei halisi kwa makundi matano ya kipato. Familia yenye kipato kisichozidi dola 30,000 kwa mwaka itazame mstari wake yenyewe na kuachana na wastani wa jumla, na ikumbuke kwamba kwa vyuo vya umma hesabu hizo ni za wakazi wa jimbo.

Kuna tarakimu ambayo mimi huitazama kabla ya kitu kingine chochote, nayo ni asilimia ya wanafunzi wanaohitimu. Kwa vyuo vya miaka minne, kipimo kinachotumika zaidi humpa mwanafunzi miaka sita kumaliza kozi ya miaka minne, na bado vipo vyuo ambavyo hata kwa ukarimu huo chini ya nusu ndio humaliza. Mwanafunzi mwenye alama za juu sana huenda akamaliza popote atakapopelekwa, lakini huyu wetu wa wastani hutegemea zaidi chuo kilivyojipanga: kama kuna mshauri wa masomo anayemfahamu, kama masomo ya lazima hufunguliwa kila muhula, kama msaada wa kuandika na wa hisabati ni wa bure na unapatikana jioni. Chuo cha bei nafuu kinachomchukua miaka sita huishia kuwa ghali kuliko kile cha bei ya kati alichokimaliza kwa minne. Kipimo hicho kina kasoro yake, kwa kuwa msingi wake ni wanafunzi walioanza chuo kwa mara ya kwanza wakisoma kwa muda wote, hivyo kwa chuo chenye watu wazima wengi wanaosoma huku wakifanya kazi, tarakimu moja haitoshi kukihukumu.

Nikirudi kwenye punguzo, vyuo vingi huchapisha kila mwaka waraka uitwao Common Data Set. Sehemu yake ya C huonesha chuo kinazingatia nini katika udahili na jinsi alama za sekondari za waliojiunga zilivyogawanyika, na sehemu ya H huonesha ni wanafunzi wangapi wasio na uhitaji wa kifedha waliopewa ufadhili na chuo chenyewe, na kwa wastani wa kiasi gani. Kijana mwenye 3.2 ambaye angekuwa wa mwisho katika chuo chenye jina anaweza kuwa juu ya wastani katika chuo kidogo kisichojulikana nje ya jimbo lake, na vyuo kama hivyo hutoa punguzo ili kumvuta. Hapo sharti la kuendelea kupewa fedha hizo lisomwe kwa makini. Ufadhili unaodai mwanafunzi abaki na 3.25 kila mwaka ni mtego kwa aliyemaliza sekondari na 3.1, kwani muhula mmoja mgumu wa kemia unaweza kuuondoa wote, naye atakuwa ameshakaa mwaka mzima mahali ambapo hawezi tena kulipia.

Kuhusu vyuo vya jamii, ambavyo kwa kawaida hupokea kila mwenye cheti cha sekondari, nina maoni yasiyowafurahisha wote. Ni njia nzuri na ni nafuu. Huko Tennessee, sheria ya mwaka 2014 iliwafutia ada wahitimu wa sekondari wanaojiunga navyo, na majimbo mengine yakafuata. Tatizo hutokea wakati wa kuhama. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2017, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao, yaani vipimo vya masomo waliyokwisha kumaliza. Kwa sababu hiyo, ushauri wa jumla wa kuanza miaka miwili kisha kuhamia chuo kikuu haunitoshi mpaka nione makubaliano ya maandishi kati ya chuo hiki na kile, kwa kozi ile anayoitaka. California ina stashahada maalumu ya kuhamia inayomhakikishia mhitimu nafasi katika mfumo wa California State University, na kampasi sita za University of California hutoa ahadi ya udahili kwa mwanafunzi wa chuo cha jamii aliyetimiza masharti. Florida nako, mwenye stashahada iitwayo Associate in Arts huhakikishiwa nafasi katika chuo kikuu cha jimbo, ingawa si lazima katika kozi aliyoichagua. Penye ahadi za namna hii, alama za sekondari hupungua uzito sana, na kijana wa C hupata nafasi ya kuanza upya kwa haki.

Nisingependa kuacha suala la barua za msaada wa fedha. Mama mmoja aliniletea barua ya binti yake huku akitabasamu, akaniambia, "Dada, wamelipa yote, tazama hapa chini pameandikwa sifuri." Juu ya sifuri hiyo kulikuwa na mistari minne: ruzuku dola 15,000, mkopo wa mwanafunzi 5,500, kazi ya chuoni 2,500, na mkopo wa mzazi 15,000, jumla 38,000, ambayo ndiyo gharama ya mwaka. Yote yaliwekwa chini ya kichwa kimoja cha msaada. Tulichukua kalamu tukakata kila mstari unaodai kulipwa au kufanyiwa kazi, na kilichosalia kikawa ni ile ruzuku peke yake. Familia ingebeba dola 23,000 kwa mwaka, kwa miaka minne. Yule mama alinyamaza kidogo kisha akauliza kama barua ile nyingine, ya chuo kidogo alichokuwa amekidharau, bado ilikuwa kwenye gari.

Vyuo vya kibiashara, vile vinavyoendeshwa kwa ajili ya faida, navigusia kwa ufupi tu. Kuanguka kwa Corinthian Colleges mwaka 2015 na ITT Technical Institute mwaka 2016 kuliwaacha maelfu ya watu na madeni na krediti ambazo vyuo vingi vilikataa kuzitambua. Kabla ya kusaini chochote, hakikisha ithibati ya chuo inatambuliwa na Wizara ya Elimu, na uulize chuo cha umma cha karibu nawe kama kinapokea krediti zake.

Barua zikishakuwa mezani, zilinganishwe kwa kiasi kinachobaki baada ya kutoa ruzuku tu kwenye gharama, na kama pengo kati yake si kubwa, familia iandikie ofisi ya msaada wa fedha ya chuo kinachopendelewa na kuomba hesabu iangaliwe upya, ikiambatanisha ushahidi wa kazi iliyopotea, gharama za matibabu, au barua ya chuo kingine kilichotoa zaidi. Ombi hilo litangulie amana ya kushika nafasi, ambayo vyuo vingi huitaka ifikapo Mei 1, kwa kuwa mwanafunzi aliyekwisha kulipa hana tena nguvu ya kujadiliana.