Kwetu ni kambini, Hale

Jumapili jioni

Nikikutana na mtu ugenini, salamu hazijaisha ananiuliza kwenu wapi. Nikisema Hale, anauliza tena: "Hapana, kwenu kabisa." Anataka nimtajie kabila, au kijiji walikozikwa mababu. Jibu langu halibadiliki. Baba alizaliwa kwenye kambi ya mkonge, mimi nikazaliwa humo humo, na babu na bibi wamelala upande wa juu wa kambi, penye miembe. Pengine pa kupaita kwetu sina.

Hale iko wilaya ya Korogwe, kando ya Mto Pangani, kati ya Segera na Muheza. Abiria wa mabasi ya Tanga wanapaona dirishani kwa dakika chache: maduka, wauza machungwa, kisha mistari ya mkonge iliyonyooka hadi macho yachoke. Kambi zenyewe hazionekani barabarani. Unaingia kwa njia ya udongo mwekundu katikati ya mkonge, unatembea, unatembea, ndipo unakuta nyumba zilizopangwa safu kwa safu, zote za kipimo kimoja, mlango ukitazamana na mlango.

Babu alikuja kutoka Kasulu akiwa kijana ambaye hajaoa, enzi za Mwingereza. Waliomchukua ni SILABU, chombo ambacho wenye mashamba walikiunda mwaka 1944 kuwatafutia vibarua mikoa ya mbali. Alitusimulia jinsi walivyopanda treni Kigoma mpaka Morogoro, kisha malori hadi Korogwe, kila mmoja na namba yake. Manamba. Namba ile aliikumbuka hadi anafariki, na alikuwa akiitaja bila haya, kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi yake ikaisha vizuri. Waha walipewa kambi yao, Wabena yao, Wamakonde waliovuka Ruvuma yao, na Warundi vivyo hivyo. Wenyeji wa hapa, Wazigua, Wabondei na Wasambaa, walikuwa na mashamba yao ya chakula na wengi hawakuitaka kazi ya mkonge. Ndiyo maana watu walisombwa kutoka mbali kiasi kile.

Mkonge wenyewe ni mgeni vilevile. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, asili yake Mexico, na iliyofika hai Tanga ni 62 tu. Ikapandwa Kikokwe, jirani na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 nchi ilifika kuzalisha tani zipatazo 230,000 mwaka 1964, kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Hesabu hiyo inasomwa sana kwenye hotuba. Mimi nikiisikia namwona baba akitoka saa kumi alfajiri, panga begani, matambara yamefungwa mikononi.

Kazi ya kukata niliiona kwa macho nikiwa mdogo, tulipokuwa tukimpelekea uji. Mkataji anainama, anachagua majani ya chini yaliyokomaa, anayakata karibu na shina, kisha anaondoa ule mwiba wa nchani, maana ukikuingia jichoni habari imekwisha. Anafunga majani 30, hilo ni fungu moja. Anabeba mafungu begani hadi kando ya barabara ya shamba na kuyapanga yahesabiwe. Maji ya mkonge yanawasha. Baba alikuwa na mabaka mikononi na shingoni ambayo hayakuondoka hata alipostaafu, na bibi alikuwa akimpaka mafuta ya nazi kila jioni kabla hajagusa chakula. Siku haikuwa siku mpaka umetimiza kazi uliyopangiwa. Zamani za babu, kipande, yaani kadi ya kazi ya kibarua, kilikuwa na nafasi za siku 30 za kazi, na mshahara haukuja mpaka kijae. Ukiugua, kipande kinakusubiri.

Kutoka shambani majani yanakwenda korona, mashine ya kuchakata. Kelele zake zinasikika kambi nzima na harufu yake sijui niifananishe na nini. Kwenye jani zima singa, yaani nyuzi za mkonge, ni kama asilimia 4 tu, yanayobaki ni maji na makapi. Miaka mingi makapi hayo yalitupwa tu, hadi miaka ya 2000 ulipojengwa hapa Hale mtambo wa kuyageuza kuwa gesi na umeme. Nilifurahi sana niliposikia habari ile. Nilikumbuka pia kwamba bwawa la umeme la Hale lipo tangu miaka ya 1960, nyaya zikipita juu ya vichwa vyetu, na sisi chini yake tulisomea kibatari hadi darasa la saba. Jambo hilo bado linaniuma.

Wazee wa kambi wakikaa barazani hubishana ni nani aliyeuua mkonge. Wengine wanasema ni utaifishaji wa mwaka 1967. Mimi naona kamba za plastiki zilikuwa zimeshaanza kazi hiyo: bei ilianza kuporomoka katikati ya miaka ya 1960, na uendeshaji mbovu uliofuata ukamalizia. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ilikuwa inatoa tani 20,000 hivi. Mashamba yakaingia vichaka na watu wakakaa miezi bila mshahara. Waliokuwa na pa kurudi walirudi. Babu alikwenda Kasulu mara moja, akakuta ndugu wamegawana ardhi zamani, hakuna aliyemtambua ila dada yake mmoja. Akageuza na treni.

Sasa mkonge umeamka tena. Shangazi yangu, binti wa manamba, ni mkulima mwanachama wa ushirika. Ana hekta mbili ndani ya ardhi ambayo baba yake aliifyeka kwa kuajiriwa. Miaka ya mwanzo alipanda maharage katikati ya mistari, akala na kuuza, na mwaka wa tatu akaanza kukata. Juzi alinipeleka kuona. Alitembea mbele yangu akinionyesha mche mmoja mmoja, huu umekubali, huu uliliwa na nguruwe. Tatizo lake ni usafiri. Jani likishakatwa linatakiwa lifike korona haraka, likikaa juani linakauka na singa inaharibika. Lori likichelewa, jasho lake lote linabaki kando ya barabara. Pamoja na hayo hajawahi kuniambia anataka kuacha.

Kinachomnyima usingizi ni nyumba. Anaishi kwenye chumba kile kile alichopewa babu, amekikarabati kwa fedha zake, bati na sakafu ya saruji, lakini hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba ni chake. Shamba limebadilisha wamiliki, na kila anayekuja anakuta watu ndani ya nyumba na kuwahesabu pamoja na mali. Kwa miaka mingi watu wa kambi hawakupanda hata minazi, kwa sababu hujui utakayemwachia. Miembe ya makaburini ndiyo mikubwa kuliko yote, kwa kuwa pale hakuna aliyewaza kuhama.

Naamini kabisa kambi hizi zinastahili kupimwa na watu wapewe viwanja vyao. Vizazi vitatu ni ushahidi wa kutosha. Wazee wamekubaliana kuandika barua wilayani, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma kidogo, kazi ya kuandika imeniangukia. Tunakusanya vielelezo: vipande vya zamani, kadi za kliniki, vyeti vya ubatizo, na orodha ya makaburi tunayoiandika kwa kumbukumbu za watu. Shangazi ametoa kipande cha babu, kimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa sukari, maandishi bado yanasomeka. Kaya za upande wa reli hazijaleta chochote, nyingine zinaogopa kwamba jina likiandikwa ndiyo mwanzo wa kufukuzwa. Kesho asubuhi naanza na hao, na shangazi amesema atanisindikiza, maana yeye wanamjua.