Nilivyosoma uuguzi Tabora huku nafuga sungura

Mwenzangu mmoja alimaliza stashahada mwezi wa sita, akafunga mabegi yake, na jioni ya kupanda treni ya Kigoma akapita chumbani kwangu na boksi la sabuni. "Nishikie wiki mbili tu, nikishatulia nyumbani nitamtuma mtu." Ndani alikuwamo sungura wa kahawia iliyofifia, kama viazi vilivyokatwa vikaanikwa juani. Nikamwita Michembe. Huu ni mwaka wa pili sasa, na huyo mtu wa kutumwa bado yuko njiani.

Niseme mapema kwamba sikuwa mtu wa kubembeleza mnyama. Kwetu Urambo baba analima tumbaku, mbwa analinda, paka anakamata panya, na sungura ni mboga. Bibi mwenye nyumba wangu pale Cheyo naye aliliona hivyohivyo. Kila nikimwamkia asubuhi, akishaitikia marahaba anachungulia mlangoni: "Vipi, unamnenepesha wa Idi?" Nacheka, napita. Miezi mitatu baadaye swali lile lilikoma, na siku moja nikamkuta bibi mwenyewe anamkatia majani ya viazi, anamsimulia habari za mume wake marehemu.

Nilikuwa naingia mwaka wa pili wa uuguzi na ukunga. Mwaka wa kwanza unakaa darasani zaidi. Wa pili wanakutupa wodini: asubuhi, mchana, usiku, halafu darasa linakusubiri palepale na majaribio yake. Watu waliniambia mnyama atanimalizia muda. Kwa saa zenyewe, hapana. Sungura huchangamka alfajiri na magharibi, mchana kutwa analala. Mimi huamka saa 10 alfajiri kusoma, naye saa hiyo ndiyo yuko macho, anatafuna nyasi miguuni pangu huku nikijisomea kwa sauti hatua za uchungu. Mpaka leo nikisikia "hatua ya tatu, kutoka kwa kondo la nyuma" nasikia na meno yake.

Chakula hakikunitoa jasho sana. Sehemu kubwa iwe nyasi kavu, kwa sababu meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, na nyasi ndizo zinazoyasaga na kulisukuma tumbo. Nyasi nilikata mwenyewe nikazianika. Juu yake anapata kishonanguo na majani ya viazi vitamu, yakishanyauka kidogo, kamwe si yaliyoloa umande. Kiangazi majani yakiadimika, wauza karoti sokoni walinipa vichwa vya karoti bure, wakidhani nina ng'ombe.

Oktoba ndiyo iliyonitia adabu. Anayeijua Tabora anajua jua la kabla ya mvua lilivyo, na chumba changu ni bati tupu, hakina dari. Nilitoka zamu ya asubuhi nikamkuta Michembe amelala ubavu, anahema kwa mdomo wazi, masikio yana moto ukiyashika. Sungura hana jasho la kumsaidia, joto lake hulitolea masikioni. Nikachovya kitambaa kwenye maji ya mtungi, nikamkanda masikio taratibu kama tunavyomkanda mtoto mwenye homa, nikambeba nikamlaza chini ya mwembe wa bibi. Baada ya nusu saa akainua kichwa. Toka siku hiyo kiangazi chote alishinda nje, kwenye tenga lililofungwa waya chini ya mwembe, na kipande cha chungu kilicholoweshwa pembeni yake.

Kingine ni manyoya. Sare yetu ni nyeupe, na msimamizi wetu wa mazoezi ana macho ya mwewe. Siku moja aliuchomoa unywele mmoja begani kwangu, akaunyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza mbele ya wenzangu kama wodi ya watoto wachanga nimeigeuza zizi. Alikuwa na haki yake. Sare ikahamia kwenye mfuko uliofungwa, juu ya kabati, inavaliwa mwisho kabisa mlangoni, baada ya kunawa mpaka viwiko. Sungura hashikwi tena mpaka nirudi.

Mwezi wa kumi na mbili akaanza kujikuna masikio. Ndani kulikuwa na magamba ya rangi ya chai, yanapasuka ukiyagusa. Afisa mifugo wa kata, kijana mwenye pikipiki na maneno machache, akatazama mara moja: ukurutu wa masikio, viini vyake ni wadudu, sindano ya ivamektini itawamaliza, irudiwe baada ya wiki mbili. Tukampima Michembe dukani ndani ya mfuko wa sukari, kilo 2 kamili. Afisa akasema dozi ni miligramu 0.3 kwa kilo, chupa yake ina miligramu 10 kwa mililita. "Piga hesabu wewe, si ndiye nesi?"

Hesabu za dawa ndizo zilizonipa sapu, mtihani wa marudio, mwaka wa kwanza. Nikasimama pale kaunta, watu wananunua chumvi, mimi natoa jasho. Mara 2, miligramu 0.6. Nikamjibu haraka: "Mililita 0.6."

Hakusema kitu. Alinitazama tu, akamtazama na sungura, akasema: "Rudia."

Miligramu 0.6 gawanya kwa 10. Mililita 0.06. Nukta moja nimeisogeza, na nilikuwa nampa mara kumi ya dawa yake. Tukatumia sirinji ya insulini, ile yenye alama 100 kwa mililita moja, tukavuta alama 6, tone ambalo hata huwezi kuamini kwamba ni dawa. Nimekosea hesabu nyingi darasani na zote ziliishia kwenye wino mwekundu. Hii ilikuwa ya kwanza kuniangalia kwa macho. Tangu hapo dozi yoyote naiandika, naipiga mara mbili, halafu namwonyesha mtu wa pili, hata kama ni parasetamo.

Sasa nifike kwenye usiku wenyewe, maana hayo yote ni ya kawaida tu.

Mwezi wa pili nilipangiwa zamu tatu za usiku mfululizo, saa 2 usiku hadi saa 2 asubuhi. Alfajiri na magharibi, saa zile za Michembe, sikuwepo kabisa. Mjukuu wa bibi, wa darasa la tano, alikuwa anampenda sungura kuliko mimi. Nikamwachia ufunguo. "Dogo, mwangalie Michembe." "Sawa kaka nesi."

Usiku wa pili ulipoisha, wakati wa kukabidhiana wodi asubuhi, sista wa zamu alinisimamisha kitanda cha sita. Nilikuwa nimesoma ripoti yangu: mgonjwa anaendelea vizuri. "Vizuri kwa lipi?" akauliza. "Amekojoa? Amekula? Dripu ya mwisho imeisha saa ngapi? Mimi nakaa naye saa 12, wewe unaniachia 'vizuri'?" Nikafungua faili tena mbele ya zamu nzima, na sikuwa na jibu la swali hata moja. Mkojo wa mgonjwa yule nilikuwa nimeumwaga mwenyewe saa 9 usiku na sikuuandika.

Asubuhi ya tatu nikarudi nyumbani saa 2 na nusu, miguu imevimba, mtihani wa famakolojia uko saa 8 mchana. Michembe alikuwa kona ya chumba, amejikunyata kama mpira, anasaga meno. Si ile ya kutafuna. Sungura akisaga meno kwa nguvu huku amejikunja, anaumwa. Nyasi za jana ziko vilevile. Sakafu safi. Hakuna punje hata moja ya kinyesi, na sungura mzima huangusha zaidi ya mia kwa siku.

"Dogo, si nilikwambia umwangalie?"

"Nilimwangalia, kaka. Alikuwa amekaa tu."

"Tangu lini?"

"Tangu jana jioni. Juzi alikula vizuri sana, nilimpa chapati yangu, na biskuti."

Sikuweza hata kumgombeza. Alimwangalia kweli, kama nilivyomwambia. Sista angeniuliza tena: vizuri kwa lipi?

Nikachukua stetoskopu, nikaiweka tumboni kwake. Moyo unakimbia, nilihesabu 55 kwa sekunde 15, ambao kwa sungura si wa kutisha. Lakini tumbo, ambalo wakati wote lilikuwa linanguruma kama mtu anayesogeza viti chumba cha jirani, lilikuwa kimya. Nikasogeza kulia, kushoto, chini. Kimya. Sungura hawezi kutapika, kinachoingia lazima kipite, na kisipopita kwa saa kumi na mbili hivi unaanza kumpoteza.

Nikampigia afisa mifugo, hapokei. Bibi akaingia na bahasha yake ya dawa zilizobaki, akanitolea vidonge vya amoksisilini: "Tumbo hilo, mwanangu. Mpe kidogo." Na mimi, mwanafunzi wa mwaka wa pili niliyetoka kufundishwa kutompa mtu dawa ya bahasha ya mwingine, nikakifungua kidonge kimoja kwenye kijiko. Nikapiga hesabu kwa kilo. Mara mbili, kama nilivyojifunza. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa.

Simu ikaita nikiwa nakoroga. "Unampa nini?" Nikamwambia.

"Mwaga."

Penisilini za kunywa, akaeleza huku nasikia pikipiki inawaka, zinaua bakteria wema wanaosaga nyasi kwenye utumbo wa sungura, na wabaya wanabaki peke yao wanatoa sumu. Mtu anapona kwayo, sungura anakufa kwayo siku chache baadaye, na mwenye sungura anadhani ni ule ugonjwa wa mwanzo. Kijiko kile nilikimwaga chooni mkono unatetemeka. Bibi akasema tu, "Ya Rabi," akazirudisha dawa kwenye bahasha. Nilimwomba bahasha yote, akanipa.

Afisa alipofika akamdunga sungura sindano ya kutuliza maumivu, akampa na maji chini ya ngozi ya shingo, uvimbe mdogo kama yai ukatuna pale kisha ukapungua wenyewe. Kazi iliyobaki akaniachia. Nyasi na majani yaliyotwangwa kinuni, yakachujwa, yakalainishwa kwa maji ya uvuguvugu, kwa sirinji isiyo na sindano, kidogokidogo pembeni ya mdomo, asije akapaliwa. Tumbo kupapaswa taratibu. Chupa ya maji moto iliyofungwa kanga ubavuni. Mjukuu alikuwa anatwanga, machozi yanadondokea kinuni, nami namwambia yasizidi, chumvi nyingi haitakiwi, na akacheka kwa kilio.

Saa 7 mchana nikavaa nikaenda kwenye mtihani. Sikuomba ruhusa, ningesema nini? Lakini safari hii sikusema "mwangalie". Nilichana karatasi ya daftari, nikapiga mistari minne: saa, chakula, maji, kinyesi. Nikamwonyesha dogo: kila saa moja unaandika ulichokiona, hata kama ni sifuri, hasa kama ni sifuri. Chapati hakuna. Akijilaza ubavu na kunyoosha shingo, unamwita bibi anipigie.

Niliporudi saa 11 jioni karatasi ilikuwa imejaa. Sifuri, sifuri, sifuri, na kwenye mstari wa saa 10 na robo, kwa penseli iliyokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka: "1. KIDOGO KAMA PILIPILI MANGA." Nimesoma ripoti nyingi za zamu tangu hapo. Hakuna iliyonifurahisha kama ile.

Mtihani nilipata C. Michembe akarudi kwenye nyasi zake siku ya pili. Karatasi ikabaki ukutani, na ndiyo iliyotufikisha hapa, mwaka wa tatu, mimi sasa nikijiandaa na mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Nikipewa usiku, dogo anakuja dakika kumi kabla sijatoka, tunasimama mbele ya tenga kama wodini, namsomea kilichopita, ananirudishia kwa maneno yake, ndipo naondoka. Asubuhi nakabidhiwa mimi. Nilimwambia haina haja ya kuhesabu kinyesi, aandike tu kingi, kidogo au hakuna. Hataki.

Ripoti ya juzi ilisomeka hivi: "Saa 1 usiku. Maji nusu kikopo. Nyasi amemaliza. Kinyesi 164, kikavu, cha duara. Amekojolea kanga ya bibi. Bibi bado hajui."